Tathmini: Mafunzo ya Jumamosi, Area C, Kuhusu Fanksheni Zinazojiita Mkiani

Mafunzo mengi ya kompyuta yanayotangazwa hapa Dodoma ni ya Excel, ya kutengeneza tovuti au ya ukarabati wa simu. Kituo kimoja kidogo cha Area C kimethubutu kutangaza kozi ya Jumamosi yenye mada moja tu, yaani namna ya kuelewa na kuandika fanksheni zinazojiita mkiani (zinazojiita zenyewe kama hatua ya mwisho kabisa, bila kuacha kazi nyuma) katika uprogramu wa kifanksheni, yaani wa kujenga programu kwa fanksheni. Waliohudhuria pamoja nami walikuwa wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM), watumishi wa vitengo vya TEHAMA wanaofanya kazi Mji wa Serikali Mtumba, na vijana wachache waliojiajiri kwa kutengeneza programu za simu. Kwa kuwa ada si ndogo, na kwa kuwa ubora wa mafunzo ya namna hii haupimwi kwa viti wala kwa chai, nitaeleza zaidi kile kilichofundishwa.

Lugha iliyotumika ni OCaml. Uchaguzi huo nauunga mkono, kwa sababu ni lugha inayomruhusu mtu aandike fanksheni fupi na kuiendesha papo hapo bila kuzungukwa na mapambo mengi. Mkufunzi hakuanza na nadharia. Aliandika ubaoni fanksheni ya kujumlisha kilo za magunia yaliyopimwa:

let rec jumla = function
  | [] -> 0
  | x :: baki -> x + jumla baki

Kisha alimtaka kila mmoja wetu aifuatilie kwa kalamu akitumia orodha ya namba tatu, 12, 7 na 30. Ukiifuatilia bila kuruka hatua, unapata 12 + (7 + (30 + 0)), na hapo unaona kwamba hakuna hata kujumlisha kumoja kulikofanyika mpaka orodha imekwisha. Kila wito unamwachia wito unaofuata kazi, lakini wenyewe unabaki umesimama, umeshika namba yake, ukisubiri jibu lirudi ili ujumlishe. Hiyo subira ndiyo inayokula nafasi kwenye staki, sehemu ya kumbukumbu ya kompyuta ambamo kila wito unaosubiri huwekewa fremu yake, yaani nafasi yake.

Baada ya hapo aliandika fanksheni ya pili:

let jumla orodha =
  let rec zungusha kikusanyi = function
    | [] -> kikusanyi
    | x :: baki -> zungusha (kikusanyi + x) baki
  in
  zungusha 0 orodha

Tulipoifuatilia hii, kikusanyi, yaani jumla ya mpaka hapo, kilianza na 0, kikawa 12, kikawa 19, kikawa 49, na orodha ilipokwisha jibu lilikuwa tayari mkononi. Hapa mkufunzi alitoa mfano wa makarani wawili katika soko la mahindi la Kibaigwa. Wa kwanza anaweka pembeni kikaratasi cha kila gunia, na anaanza kujumlisha pale tu gunia la mwisho linaposhuka kwenye mizani. Wa pili ana mstari mmoja wa jumla kwenye daftari, naye huufuta na kuuandika upya kila gunia linapopimwa. Huyo wa pili, hata magunia yawe elfu ngapi, meza yake haijai. Kompaila, programu inayogeuza msimbo kuwa wa mashine, ikiona kwamba wito wa mwisho hauachi kazi yoyote nyuma yake, haina sababu ya kuhifadhi fremu ya zamani. Inaitumia nafasi ileile, na kinachobaki kwenye mashine ni kitanzi cha kawaida.

Kipindi kilichofuata ndicho kilichonifanya nione kwamba mkufunzi anaijua kazi yake, ingawa mambo hayakwenda kama alivyopanga. Alitaka kutuonyesha staki ikifurika kwa kuipa fanksheni ya kwanza orodha ya namba milioni moja. Kwenye kompyuta zilizokuwa na OCaml 4.14 ilifurika kama alivyosema, lakini kwenye zile zenye toleo la 5 jibu lilitoka bila kelele yoyote, na darasa likaanza kunong'ona. Badala ya kubabaisha, alieleza kwamba matoleo ya zamani, msimbo ukishakusanywa kuwa wa mashine, hutegemea staki inayotolewa na mfumo endeshi, ambayo kwenye Linux kwa kawaida ni MB 8, ilhali toleo la 5 linasimamia staki yake lenyewe, na kikomo chake cha kawaida ni neno milioni 128, yaani takribani GB 1 kwenye mashine ya biti 64. Kisha alishusha kikomo hicho kupitia mpangilio wa OCAMLRUNPARAM, na mashine zote zikafurika pamoja. Tukajifunza kwamba fanksheni isiyojiita mkiani inaweza kufanya kazi leo kwako na kuanguka kesho kwa mteja, bila herufi hata moja ya msimbo kubadilika.

Mazoezi ya kutambua mahali pa mkia yalikuwa mazuri kuliko sehemu nyingine yoyote. Wengi huangalia kama wito umeandikwa kwenye mstari wa mwisho, na mkufunzi aliivunja imani hiyo mapema. Swali alilotaka tujiulize ni hili: jibu la wito likirudi, bado kuna kitu cha kufanya? Kikiwapo, hata kama ni kuongeza 1 tu, au kubandika kipengele kimoja mbele ya orodha, wito huo si wa mkia. Kwa hiyo matawi yote mawili ya if yanaweza kuwa mkiani, na upande wa kulia wa && pia, lakini wito uliowekwa ndani ya try haupo mkiani, kwa sababu kishika hitilafu bado kinasubiri nje yake. Hili la try liliwanasa karibu wote darasani, wakiwamo waliozoea kazi. Vilevile alituonyesha alama ya [@tailcall], ambayo ukiibandika kwenye wito, kompaila inakuonya pale wito huo unapokuwa si wa mkia. Mtu akiondoka na zana hiyo pekee, sehemu ya ada yake imerudi.

Suala la orodha kutoka kinyumenyume nalo lilipata muda wa kutosha. Ukijenga orodha mpya kwa kikusanyi, kipengele cha kwanza kinaishia mwisho, na dawa ya kawaida ni kuigeuza kwa List.rev unapomaliza. Mkufunzi aligusia pia kwamba tangu OCaml 5.1 ya mwaka 2023, List.map, fanksheni inayobadilisha kila kipengele cha orodha, imeandikwa kwa mbinu inayoruhusu kompaila kujenga orodha moja kwa moja bila kufurisha staki na bila kugeuza. Aligusia tu. Ningependa angelipa jambo hilo nusu saa, kwa kuwa linaathiri namna mtu anavyopaswa kuandika msimbo wake leo.

Kasoro ya kwanza, na ndiyo kubwa, ni kwamba vitini vinaizungumzia mbinu hii kana kwamba ni sheria ya kila lugha. Sivyo. Katika Scheme, lugha iliyobuniwa na Guy Steele na Gerald Sussman huko MIT mwaka 1975, kiwango cha lugha chenyewe kinadai kwamba wito wa mkia usiongeze nafasi. Python haina kitu hicho. Guido van Rossum alieleza mwaka 2009 kwa nini hakitaki, sababu mojawapo ikiwa kwamba kingefuta kumbukumbu ya wito inayomsaidia mtu kutafuta kosa. Mshiriki mmoja aliyeandika zoezi lake kwa Python, likiwa na kikusanyi na kila kitu mahali pake, aligonga kikomo cha kawaida cha wito 1000 na kupewa RecursionError, na jibu alilopata lilikuwa kwamba ajaribu nyumbani kwa OCaml. Kwa vijana wa programu za simu ingefaa sana kuambiwa kwamba Kotlin inataka neno tailrec kabla ya fanksheni, na kwamba ukiliweka mahali pasipostahili unapewa onyo tu, wakati Scala, kwa alama yake ya @tailrec, inakataa kabisa kukusanya msimbo. Clojure nayo inakutaka uandike recur waziwazi. Ukurasa mmoja wa kitini ungetosha kuyaeleza haya.

Kasoro ya pili ni ya kipimo. Kufikia mchana, kila fanksheni ilikuwa inageuzwa iwe ya mkia, hata pale pasipo na faida. Tulipewa zoezi la mti wa maeneo ya utawala: mkoa, wilaya zake kama Bahi, Kongwa na Mpwapwa, kisha kata, vijiji na vitongoji, nasi tuhesabu vitongoji vyote. Mti huo una vitongoji vingi sana, lakini kina chake hakizidi ngazi chache, na staki hujazwa na kina, si na wingi wa majani. Fanksheni ya kawaida inayojiita kwa kila tawi ina mistari michache na haiwezi kufurisha chochote. Ile tuliyolazimishwa kuandika ilibeba orodha ya matawi yanayosubiri, ambayo kwa kweli ni staki ileile iliyohamishiwa mahali pengine kwenye kumbukumbu, na ilikuwa ngumu kusomeka. Kwa orodha ndefu, au kwa programu ya seva inayojiita bila kikomo kama inavyofanyika katika lugha ya Erlang, mkia ni wa lazima. Kwa mti wa ngazi tano ni ushamba wa mtu aliyepata nyundo jana.

Kuhusu mazingira, chumba kina hewa, umeme ulikatika kidogo tu na kituo kina jenereta. Kompyuta za kituo ni za zamani, kwa hiyo anayeweza aje na yake, ikiwa tayari na OCaml, kwa sababu kuipakua kwa intaneti ya pale kulitugharimu asubuhi karibu yote.

Ninaipa nyota nne kati ya tano. Anayefaa kuhudhuria ni mtu aliyekwisha kuandika programu kwa lugha yoyote na anayeelewa maana ya fanksheni kujiita. Ambaye hajafika hapo atapotea kabla ya chai ya saa nne. Nyota ya tano nitaiongeza siku vitini vitakaposema lugha ipi inaondoa fremu na ipi haiondoi, na mti wa vitongoji utakaporudishwa kwenye fanksheni yake ya mistari michache.