Laser yangu, tanga kubwa mno na msimu mzima wa kuogelea

Nianze na kilo zangu, maana hapo ndipo nilipokosea. Nina kilo 58, na hizo ni nikiwa nimelowa. Mashua yangu ya kwanza ni Laser iliyokwishatumika, ikiwa na lile tanga lake kubwa la mita za mraba 7.06, tanga linalomfaa mtu wa kilo 80 na ushee. Hakuna aliyeniuliza uzito wangu, wala mimi sikujiuliza. Niliona mlingoti umesimama, tanga linapepea, roho ikanitoka.

Kwa asiyeijua, Laser ni mashua ya mtu mmoja. Urefu wake ni mita 4.2 hivi, bodi peke yake kilo 59, mlingoti mmoja usiofungwa kamba za pembeni, na tanga moja linalovishwa juu ya mlingoti kama soksi. Iliyoichora ni kalamu ya Bruce Kirby wa Kanada, zimeshatengenezwa zaidi ya 200,000, na imo kwenye Olimpiki tangu 1996. Tangu 2019 chama chake kinaiita ILCA, kwa hiyo ukikuta tangazo moja la Laser na jingine la ILCA, usihangaike: ni mashua ileile. Mashua za ukubwa huu kwa jumla wanaziita dingi. Mwanangu nilipomwambia nanunua dingi alicheka mpaka akakaa chini. Kwake yeye dingi ni baba.

Aliyeniuzia aliniambia, "Hii ni pole kama kondoo, dada." Hakusema uongo. Katika upepo wa kilometa 9 kwa saa ilikuwa kondoo kweli. Nilikaa nimekunja magoti, kana, ule mpini wa usukani, mkono mmoja, demani, ile kamba ya kuvutia na kulegeza tanga, mkono wa pili, nikajiona nahodha. Jumapili iliyofuata upepo ulifika kilometa 22. Hesabu yake niliijua baadaye: kasi ya upepo ikiongezeka mara mbili, nguvu inayosukuma tanga inaongezeka mara nne. Kwa hiyo sikuwa naendesha ile mashua ya wiki iliyopita. Nilikuwa naendesha nyingine yenye jina lilelile.

Nilipinduka mara tisa. Nane za kwanza nilizihesabu kama mafunzo, kwa sababu kuinua Laser iliyolala ubavu si kazi ngumu. Unazunguka hadi upande wa chini, unapanda juu ya ule ubao mrefu unaochomekwa katikati kuzuia mashua isisukumwe pembeni, unashika ukingo, unaegemea nyuma, na mlingoti unaanza kunyanyuka taratibu huku maji yakichuruzika kutoka kwenye tanga. Sharti ni moja tu, demani iwe imelegezwa. Ukiiacha imebana, tanga linajaa upepo palepale linaposimama na mashua inakulalia upande wa pili.

Mara ya tisa ilikuwa habari nyingine. Nilichelewa kuifikia, mashua ikageuka miguu juu, mlingoti ukielekea chini kabisa. Nikaogelea kuutafuta ubao nikakuta tundu tupu. Ubao ulikuwa umeteleza kuingia ndani, umebaki ncha kama ya ulimi wa mtoto anayekucheka. Nilikwaruza yale mapande laini ya fibaglasi kwa kucha, nikateleza, nikakwaruza tena. Mwalimu wangu alikuja na boti ya injini, akaingiza mkono, akauvuta ubao nje, akaniuliza kwa upole ulionichoma kuliko matusi, "Mpira wa kuushikia uko wapi?" Kuna kipande cha mpira wa kunyumbuka kinachofungwa kutoka kwenye ubao hadi mbele kwenye mlingoti, ili ubao usitembee. Cha kwangu kilishakatika kabla sijainunua na sikujua kwamba kilipaswa kuwepo. Siku hiyohiyo nilijifunza pia kwamba mlingoti nao ufungwe kikamba, maana umechomekwa tu kwenye tundu lake, na mashua ikigeuka miguu juu unaweza kuchomoka ukaenda zake.

Sasa ile sehemu inayofanya niipe mashua hii alama nzuri pamoja na yote hayo. Laser moja ina mavazi matatu. Tanga la mita 7.06 ndilo ILCA 7. Lipo la 5.76, ILCA 6, ambalo wanawake wanashindana nalo Olimpiki tangu 2008. Lipo la 4.7, ILCA 4, la vijana na watu wepesi. Bodi ni hiyohiyo, usukani huohuo, kipande cha juu cha mlingoti hichohicho. Unabadilisha tanga na kipande cha chini cha mlingoti, basi. Niliponunua vya ILCA 6, upepo uleule wa kilometa 22 ulinichukua mwendo ambao sikujua mashua inao. Nilipinduka mara mbili, na zote mbili nilikuwa najionyesha.

Kwa hiyo jibu langu kwa anayeuliza kama Laser inamfaa anayeanza: inamfaa akianza na tanga la kilo zake, akiwa ameshafundishwa, na akiwa havumilii kukaa mkavu. Kasoro yake kubwa kwa mgeni ni lile tanga la soksi. Haliteremshwi kwa kamba ukiwa majini. Upepo ukizidi, unaweza kulegeza tanga na kulizungushia mlingoti mara moja au mbili lipungue, lakini jaribu hilo mashua ikirukaruka ndipo utajua mikono miwili haitoshi. Kasoro ya pili ni mti wa chini wa tanga, unaopita chini kweli. Paji langu la uso linaufahamu.

Nimepata kuziendesha nyingine za wenzangu, na ningeanza upya leo huenda ningechagua vingine. Sunfish ina tanga la pembetatu lenye foromali, ule mti wa juu unaobeba tanga, mtu aliyewahi kupanda jahazi hahitaji kuelezwa. Linapandishwa na kuteremshwa kwa kamba, na mashua yenyewe haina papara. Topper ina mita 3.4 na kilo 43, ya plastiki, unaibeba juu ya gari. Kwa mtu mwepesi ni raha, kwa mtu mrefu magoti yatalalamika. Optimist, kile kisanduku cha mita 2.3, ni ya watoto hadi miaka 15, msidanganyane. Wayfarer ndiyo iliyonitia wivu. Ina mita 4.82, imetulia kama sofa, unakaa na mwalimu pembeni yako, tanga lake linapunguzwa upepo ukizidi, na ukikosea inakupa nafasi ya kujirekebisha. Lakini ikiwa tupu inapita kilo 160. Ukiwa peke yako huitoi majini, na rafiki wa kuja kusukuma kila Jumapili huisha mapema.

Kuhusu plastiki na fibaglasi watu wanabishana sana. Plastiki inakwaruzwa mchangani na haijali, ila nzito, na ikipasuka gundi haishiki, inataka kuchomelewa. Fibaglasi ni nyepesi na ngumu, inapasuka ukiigonga mwamba, lakini inazibika nyumbani kwa resini na kitambaa chake. Mimi na mikono yangu ya ushonaji tulichagua fibaglasi.

Ukienda kukagua Laser kuukuu usianze na rangi. Mimi nilianza na rangi. Bonyeza sakafu ya juu kwa kiganja, kutoka omo, yaani mbele, hadi tezi, yaani nyuma. Ikibonyea kama mkate, ndani imelowa. Nyanyueni wawili: kilo 59 ni mzigo wa kawaida, na mkihema sana kuna maji mnayanunua. Fungua kile kizibo cha nyuma uinamishe, uone kinachotoka. Kisha jaza maji tundu la mlingoti na usubiri dakika kumi huku mwenye mali anakuangalia vibaya. Maji yakishuka, tundu linavuja, na mlingoti unasimama juu ya kitu kinachodhoofika. Tanga lishike mkononi: likiwa laini kama shuka ya zamani, umbo limekwisha, litasogeza mashua lakini kwenda kwa kubisha, yaani kuukabili upepo, litakuchosha. Na usikubali kuichukua bila kigari chake cha kuitelemshia majini. Nilidhani nitaazima. Wiki tatu za kuburuta ziliniondolea hiyo dhana na kuniachia mgongo.

Vifaa sasa, na hapa nina neno na duka moja ambalo sitalitaja. Waliniuzia jaketi okozi la kujijaza lenyewe likigusa maji, wakanihakikishia ndilo salama kuliko yote. Kwenye meli ya starehe labda. Kwenye mashua inayopinduka mara tisa, lilijaa mara ya kwanza tu, likanibana shingo, likanifanya puto, nikashindwa kupanda ukingo kwa sababu ya tumbo la hewa lililokuwa kifuani. Kama ningenaswa chini ya tanga, lingenizuia hata kupiga mbizi nitoke. Kinachotakiwa ni kizibao cha kuelea cha nyutoni 50: chembamba, mikono huru, kinabana kiunoni kisipande masikioni. Lakini kielewe. Nyutoni 50 ni kwa mtu anayejua kuogelea na mwenye msaada karibu; ukizimia hakikugeuzi uso juu. Kazi hiyo ni ya majaketi makubwa, ya nyutoni 150. Kabla ya kulipa, mwambie mtu akivute juu mabegani kwa nguvu. Kikikufika kidevuni, kirudishe rafuni.

Suti ya neoprini inategemea baridi ya maji yako, si joto la jua. Ibane. Joto linatunzwa na viputo vya gesi vilivyomo kwenye mpira wake, lakini ikilegea maji mapya yanaingia kila ukiinama na hela yako inatoka kwa njia ya shingoni. Viatu ndivyo nilivyovidharau nikajuta, vya soli ngumu, kwa sababu ya mawe, na kwa sababu ya ule mkanda wa sakafuni unaouingizia miguu ili uning'inie nje. Bila viatu unakuchuna. Glavu za vidole vifupi. Filimbi kwenye kizibao. Kofia ngumu sikuwa nayo, rejea habari za paji langu.

Demani niliyopewa na mashua ilikuwa milimita 6, nyembamba, ya mashindano. Ilinikata viganja. Niliweka ya milimita 8, ni nzito kidogo ikilowa lakini inashikika, na mkono uliochoka unaiachia kwa hiari badala ya kwa kilio.

Tanga kubwa nimemuuzia jamaa mmoja juzi. Kabla hajalipa nilimuuliza kilo zake. Akashangaa, akasema 86. Nikampa na ule uzi wa milimita 6 bure.