Yangu ya 2017 au ya shemeji? Nimezijaribu zote mbili

Kompyuta yangu ya mezani ni ya mwaka 2017: prosesa Core i5-7400, RAM ya GB 8 na diski ya kuzunguka ya TB 1. Ya shemeji, ambaye sasa amehamia kwenye laptopu, ina Core i5-12400 ya mwaka 2022, RAM ya GB 16 na SSD (diski ya chipu, isiyozunguka) ya NVMe, aina yenye kasi kubwa. Anaiuza. Aliniachia niijaribu kwanza, maana anajua mimi siyo mtu wa kutoa pesa haraka.

Mwanzoni ilinipumbaza. Unabonyeza kitufe, imewaka kabla hujakaa vizuri kitini. Yangu nilizoea kuiwasha kisha naenda kuoga.

Lakini ushindani ule haukuwa wa haki, diski ya kuzunguka dhidi ya SSD. Nikaifungua yangu, nikaipachika SSD ya SATA, muunganisho wa zamani zaidi, na kuongeza RAM ifike GB 16. Diski ya zamani husoma MB 150 hivi kwa sekunde ikiwa na siku njema. SATA inaruhusu hadi MB 600. Nafuu kubwa hata hivyo iko kwenye mafaili madogo madogo, kwa kuwa hakuna tena kichwa cha kusomea kinachorukaruka juu ya sahani kutafuta kila kipande. Baada ya hapo, kwa kazi zangu za kuandika, majedwali ya hesabu na kivinjari chenye vichupo visivyo na idadi, ungenificha mashine nisingejua natumia ipi. NVMe ina kasi zaidi ya SATA mara kadhaa, ila barua ya kurasa mbili haina habari na hayo.

Tofauti ya kweli ilionekana binti yangu alipokaa kuhariri video. Prosesa yangu ina viini 4 tu, yaani sehemu zinazofanya kazi kwa wakati mmoja. Ya shemeji ina 6, vinavyobeba kazi 12 kwa mpigo. Kwenye yangu, video ikianza kutolewa, feni inanguruma na kila kitu kingine kinaganda. Kwenye ile nyingine binti anaendelea kusikiliza muziki na kupekua mtandao kama hakuna linaloendelea.

Halafu kuna suala la Windows. Msaada wa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025, na masasisho ya nyongeza kwa watumiaji wa nyumbani yamepangiwa kufika Oktoba 2026. Watu wakishindwa kuhamia Windows 11 hulaumu TPM 2.0, sehemu ya usalama ambayo mfumo huo unaidai, lakini yangu inayo: niliiwasha ndani ya BIOS (mipangilio ya msingi ya kompyuta), kwa jina la PTT, ikakubalika. Kilichokataliwa ni prosesa, kwa sababu Windows 11 kwa upande wa Intel inaanzia kizazi cha 8, ukiacha chache sana za kizazi cha 7. Kibaya zaidi, kizazi cha 8 kinatumia soketi (tundu la kupachikia prosesa) ya LGA1151 kama yangu, ila ubao mama wangu wa mfululizo wa 200 haukitambui. Zipo mbinu za kulazimisha. Kwenye mashine yenye nyaraka za familia, hapana.

Ya shemeji nayo haikosi kasoro. Haina sehemu ya DVD, na skrini yangu ina tundu la zamani la VGA pekee, kwa hiyo nilihitaji adapta yenye chipu ya kugeuza mawimbi. Kebo tupu ya HDMI kwenda VGA haifanyi kazi, usidanganywe dukani.

Ningekuwa peke yangu ningebaki na ya zamani, niweke Linux Mint, mfumo wa bure badala ya Windows, basi. Imekubali vizuri, hata printa iliitambua yenyewe. Lakini video za binti zimeamua: naichukua ya shemeji. Afya ya SSD yake nimeshaikagua kwa programu ya CrystalDiskInfo, iko salama. Bei bado tunavutana, na nimemwambia adapta ile iwe juu yake.