Nimekodi kompyuta ya kadi ya grafiki Digo Road, Mombasa, kadi yenyewe imelala fofofo

Wallahi sijawahi kulipia usingizi kwa saa mpaka juzijuzi. Mnaotaka kukodi mashine kwenye lile duka la ghorofani, someni kwanza.

Mimi nahesabu hologramu, yaani ile michirizi midogo ambayo mwanga ukiipiga hutoa picha yenye kina. Kazi yenyewe si ngumu kuielewa, ni nyingi tu: kila nukta ya umbo hutuma wimbi lake kwa kila pikseli. Nukta 10,000 kwenye skrini ya 1920 kwa 1080, hesabu zishapita bilioni 20, na ndani ya kila moja kuna kipeuo cha pili na kosaini. Lakini pikseli moja haiingojei nyingine, ndiyo maana kadi ya grafiki huzigawa kwa viini vyake maelfu ikazimaliza chapchap. Nikalipa bei ya kadi basi, si bei ya kuchapisha barua ya kazi.

Adhuhuri, joto lile mnalijua, feni inavuma, asilimia haisongi. Nikatazama ndani: kadi, sifuri. Sifuri! Prosesa peke yake imeshika mia, inahema. Draiva, ile programu ya kuiwezesha mashine kuitumia kadi, haikuwekwa kamwe. Nikamwita jamaa wa kaunta, hata macho hakuyatoa kwenye simu: "Mama, hiyo programu yako ndiyo nzito. Hapa watu huja na kazi za kawaida." Za kawaida! Na saa yake ya kulipisha inakwenda.

Njia za mkato nazijua. Mark Lucente wa MIT, chuo cha Marekani, alionyesha 1993 kwamba michirizi yaweza kuhesabiwa mapema, ikawekwa kwenye jedwali, kisha ukawa unaichota tu. Ila jedwali hula memori, na memori ya mashine ile, tuache.

Nyota moja.

Ngojeni, nisimdhulumu mtu. Jioni akaingia kijana wa zamu, "Shikamoo mama, pole, nipe dakika," akaweka draiva, akawasha upya. Hologramu iliyonishindisha njaa ikatoka hata kikombe cha kahawa tungu sijakimaliza. Nne basi! Tatu. Maana kwenye kulipa, yule wa kaunta alinidai saa zote, na zile kadi ilizolala pia, chenji akanisukumia kwa kidole kimoja kama anayefukuza nzi.

Nimerudi kwenye moja, na hiyo ni ya yule kijana. Mkienda, nendeni magharibi ishaadhiniwa.