Ikebana ya matawi: chombo kipi ununue kwanza?

Ikebana ni sanaa ya Kijapani ya kupanga maua na matawi, na kabla ya chombo, nunua kenzan. Najua hukujia hilo, lakini nivumilie. Kenzan ni kibonge cha risasi chenye sindano za shaba zilizosimama wima, nacho ndicho kinachoshika tawi ndani ya maji. Ya kwangu ya kwanza ilikuwa ya bei chee, nyepesi, upana wa vidole vitatu. Nikachomeka tawi la ume, plamu ya Kijapani inayochanua kabla ya sakura (mcheri), nikarudi nyuma nilitazame. Likainama polepole kama mzee anayesinzia barazani, kenzan ikanyanyuka upande mmoja, na maji yote yakaishia kwenye tatami, mikeka ya sakafuni. Chukua nzito, ya sentimita 7 au zaidi, sindano zimebanana. Ukiweza chukua mbili: ya pili hupinduliwa na kulazwa juu ya ukingo wa nyuma wa ile ya kwanza, ikaikandamiza ili tawi refu lisiipindue.

Haya, vyombo.

Namba moja naipa suiban, bakuli pana la kina kifupi. Ndilo la moribana, mtindo ulioanzishwa na Ohara Unshin mwishoni mwa karne ya 19. Tafuta la upana wa sentimita 30 na kina cha 6 hivi, kwa sababu maji lazima yafunike sindano. Na piga hesabu kabla ya kulipa. Shule ya Sogetsu, iliyoanzishwa mwaka 1927, hufundisha kwamba tawi kuu, shin, kwa kawaida liwe mara moja na nusu ya upana na kina cha chombo vikijumlishwa. Hapo 30 na 6 ni 36, kwa hiyo shin ni sentimita 54. La pili, soe, ni robo tatu ya hilo, kama 40. La tatu, hikae, ni robo tatu ya soe, yaani 30. Sasa aliyependezwa na bakuli la sentimita 45 ajue amenunua pia tawi la 76, na meza ya kulihimili.

Namba mbili ni chombo kirefu cha nageire, mtindo wa kutumbukiza matawi chomboni. Humu hakuna kenzan. Tawi huegemea ukingo na kubanwa ndani kwa kijiti kiitwacho kubari. Tawi la sakura linaloinamia nje halipendezi popote kama humu. Nimekiweka cha pili kwa sababu ya ukaidi wake tu: unaachia mkono, tawi linajizungusha na kukupa kisogo. Chagua chenye kitako kizito na mdomo unaopitisha vidole vyako. Vya udongo mtupu vya Bizen au Shigaraki, miji ya wafinyanzi wa Japani, vinanivutia kuliko vinavyong'aa, ila kijaze maji na kukisimamisha juu ya gazeti usiku kucha uone kama kinavuja.

Cha tatu, mwanzi. Sen no Rikyu, bingwa wa sherehe ya chai, alikata vyake mwaka 1590 wakati wa kuzingirwa kwa ngome ya Odawara, na tangu hapo vinaheshimika. Mwanzi hupasuka ukikauka, hivyo usinunue usio na kopo la maji ndani.

Vikapu na vyombo vya kioo viache dukani. Wajapani huviona vya kiangazi, na tawi zito litakipindua kikapu.

Ukiwa Kyoto, usikimbilie vipya. Kuna gulio kwenye hekalu la Toji kila tarehe 21 ya mwezi, na jingine kwenye hekalu la Kitano Tenmangu tarehe 25, ambako suiban za mtumba hupangwa chini kwenye turubai. Liinue bakuli, ligonge kwa kifundo cha kidole: zima hulia, lenye ufa hutoa sauti butu.

Pesa itakayobaki nunulia matawi, na uyachukue yakiwa bado vitumba. Pichi huuzwa kwa wingi kuelekea Machi 3, sikukuu ya wasichana. Yukiyanagi, kichaka cha vijiua vyeupe, ni zuri mno, lakini hupukutika, basi weka ufagio karibu.