Bunduki ya kujikoki kwa kulungu: yaliyonipata Minnesota

Wiki jana mpwa wangu alikuja kuniaga hapa Donholm. Amebahatika kwenye ile bahati nasibu ya grini kadi, anakwenda Minnesota, Marekani, kwa shemeji yangu, na chai haijapoa akanitolea simu. "Anko, hebu ona. Kule wanasema mwezi wa kumi na moja ni wa kuwinda kulungu. Mimi bunduki nishachagua." Nikavaa miwani. Ilikuwa bunduki ileile niliyonunua mimi, ile inayojikoki yenyewe, yaani ukishafyatua inajiwekea risasi inayofuata, na juu ya picha kulikuwa na jina la duka lilelile.

Chai sikuimaliza.

Ni miaka sasa tangu nirudi Nairobi na nilidhani nimesahau. Kumbe wapi! Kwa hiyo kauli yangu naiweka mapema, kwa mpwa wangu na kwa Mkenya yeyote aliye huko anayetaka kuingia msituni na wenyeji: usinunue bunduki ya kujikoki kwa ajili ya kulungu. Nunua ya bolti, kile chuma kinachosukuma risasi ndani na kuifungia, ambacho unakivuta mwenyewe kwa mkono kila baada ya risasi, ulale usingizi.

Mimi niliingizwa na bega. Bega langu la kulia lilivunjika kwenye ajali ya matatu, Mombasa Road, kabla sijaondoka nchini. Liliungwa, lakini halijarudi kuwa lilivyokuwa. Shemeji aliponipa bunduki yake ya bolti nijaribu kulenga shabaha, risasi ya tatu ilinitoa machozi. Ndipo akaniambia zipo za kujikoki ambazo teke lake, ule msukumo unaokupiga begani, ni pungufu: sehemu ya gesi ya risasi inayotoka inasukuma bolti nyuma, ganda linatupwa nje, springi inairudisha bolti mbele na risasi nyingine, na kazi hiyo yote inalilainisha teke kabla halijakufikia. Si bunduki ya kumimina kama za jeshi. Ukivuta kifyatulio mara moja inatoka risasi moja.

Tukaenda dukani. Muuzaji, kijana mwenye ndevu nyekundu, alinipa dakika arobaini nzima za maneno. Nichukue ya risasi za .308, au .30-06, au .243 iliyo pole zaidi kwa bega? Hiyo .30-06 jina lake limebeba mwaka wake wa kuzaliwa, 1906, na hata babu yangu aliitaja kwa jina, basi nilifurahi kuisikia pale ugenini. Akanisimulia bunduki za kujikoki: Browning BAR ya kuwindia, iliyopo tangu 1967, ambayo si ile ya jeshi yenye jina hilohilo. Akanisimulia Remington 742 ambazo wazee wengi wa kule walizeeka nazo. Niliyonunua mimi si mojawapo ya hizo, na jina lake siliandiki. Nikajaza fomu yao ya serikali ya mnunuzi wa bunduki, ile 4473, nikalipa, nikashukuru.

Dakika arobaini, na hakunionyesha hata mara moja namna ya kuikoki.

Hapa lazima nimlete babu. Alikuwa Mkamba wa Kibwezi, mbeba bunduki wa wazungu wa safari, wale waliounda chama chao pale hoteli ya Norfolk hapa Nairobi mwaka 1934. Kazi hiyo aliifanya mpaka 1977, serikali ilipopiga uwindaji marufuku, akarudi nyumbani na koti moja la kaki na ujuzi ambao haukuwa tena na pa kutumika. Akatumiminia sisi wajukuu. Kwa fimbo ya mpera alitufundisha kwamba bolti inasukumwa kwa kiganja, polepole, kama unayefunga mlango wa chumba alimolala mtoto mchanga. Mnyama, alisema, anasikia chuma kabla hajasikia mguu wako. Mimi sikuwahi kushika bunduki hapa Kenya, lakini mkono wangu ulijua jambo hilo tangu nikiwa na miaka saba.

Asubuhi ya kwanza ya msimu shemeji alinipandisha kwenye kiti cha juu ya mti gizani, bunduki ikiwa tupu kama usalama unavyotaka. Nilikuwa nimevaa rangi ya chungwa inayowaka, kofia na jaketi. Ndiyo sheria ya Minnesota, wawindaji waonane, na kulungu mwenyewe haioni rangi hiyo kama tunavyoiona sisi. Baridi ilikuwa ya kukausha machozi jichoni. Nikaingiza magazini, kile kisanduku cha risasi. Nikavuta mpini wa bolti nyuma, kisha nikaurudisha mbele nikiushikilia, taratibu, bila hata mlio. Kama babu. Nilijisikia yuko pale pembeni yangu.

Kulipopambazuka akaja. Dume. Wakenya wengi tunamjua mnyama huyu, ayala wa Biblia, kwa Zaburi ya 42 tu, ile ya kuona shauku ya mito ya maji, na mimi nilikuwa naimba maneno hayo tangu Sunday school bila kujua yanamhusu nani. Alitokea kwenye miti myeupe kwa theluji, hatua kama thelathini, akasimama kunipa ubavu, akainamisha kichwa kutafuta majani. Nikaondoa kizuizi cha usalama. Nikashusha pumzi. Nikavuta.

Ta.

Mlio wa kufuli ndogo, basi. Akainua kichwa, masikio yote mawili kwangu. Nikavuta tena, kifyatulio kimelegea kama ulimi wa mgonjwa. Nikavuta mpini, risasi nzima ikaruka, ikagonga ngazi ya chuma, ngazi ikalia msitu mzima. Ule mkia mweupe uliinuka kama leso, mara mbili tatu kati ya miti, hayupo. Nilikaa juu pale mpaka saa tano asubuhi na sijui nilikuwa nangoja nini.

Shemeji alinieleza jioni. Bunduki ya namna hii haitaki upole. Mpini unavutwa hadi mwisho, kisha unaachiwa, springi iipige bolti mbele kwa nguvu zake zote, ndipo meno yake yajifunge nyuma ya risasi. Ukiisindikiza kwa mkono inaweza kusimama unywele mmoja kabla ya kufunga, na isipofunga haifyatui, kwa sababu ikifyatua wazi itakulipukia usoni. Na juu ya hilo ilikuwa bado na yale mafuta mazito ya kuhifadhia, ambayo kwenye baridi ile yanaganda. Mafuta hayo yanafutwa kwanza, unapaka mepesi, tena kidogo. Hilo pia hakuna aliyeniambia. Kumbe adabu yote niliyofundishwa na babu ndiyo iliyoninyima kulungu wangu, na yule kijana alikuwa na dakika arobaini za kuniambia neno moja: achia.

Nikarudi dukani. Sikudai pesa. Nilitaka tu amwambie mteja mwingine. Nilieleza kwa utulivu, naye akanisikiliza akiwa ameegemea kaunta, kisha akasema kwa sauti ya wote kusikia: "Kwani huko kwenu Afrika si mnatumia mikuki?" Wawili wakacheka. Mzee mmoja aliyekuwa akijaribu glavu akatazama chini. Nilitaka kumwambia kwamba babu yangu alikuwa anamkabidhi mwindaji bunduki iliyokokiwa mbele ya nyati aliyejeruhiwa, na mkono hautetemeki, miaka mingi kabla ya duka lao kuwekwa tofali. Kiingereza chote kikanikimbia. Nikasema asante, nikatoka.

Asante! Hadi leo nikikumbuka neno hilo nalisikia mdomoni kama shubiri.

Haki isemwe, kitabu cha maelekezo kilikuwa na sentensi hiyo. Nilikuja kuiona baadaye, katikati ya kurasa za maonyo: achia mpini, usiusindikize. Ilikuwepo siku zote. Nilipoisoma nilipoa kidogo, nikasema labda kosa ni la nusu kwa nusu. Kisha nikakumbuka mikuki, na nusu yangu ikapungua.

Halafu kuna mwaka uliofuata, na hapa kauli yangu ya mwanzo inaanza kunisumbua. Niliisafisha, nikapaka mafuta mepesi, nikapanda kitini mapema gizani, nikaachia bolti ikapiga "kla!" nikadhani wameisikia hadi Machakos. Msitu ukanyamaza, kisha ukasahau. Kabla ya saa mbili akaja jike. Risasi moja. Alikwenda hatua chache akalala, hakuteseka, na bega langu halikuhisi kitu. Nilimaliza siku nzima nikiligusa kwa mshangao. Jioni tulikuwa Wakenya kumi na kitu nyumbani kwa shemeji, ugali, sukuma wiki, kachumbari, na nyama ile isiyo na mafuta ambayo ukiiacha motoni dakika mbili zaidi inakuwa kiatu. Shemeji aliomba kabla ya kula akamtaja babu. Nilitoka nje nikasimama kwenye theluji peke yangu.

Sasa bunduki iliyonipa siku hiyo nitasemaje ni mbaya?

Ninachokataa ni sababu wanayoiuza dukani, kwamba risasi ya pili iko tayari. Nimewaona vijana wanaoharakisha ya kwanza kwa sababu wana ya pili. Lakini mwaka uleule shemeji wa shemeji alimpiga kulungu vibaya, na ile ya pili ya haraka ndiyo iliyomwokoa mnyama asifie porini usiku. Kwa hiyo hata hilo silisemi kwa nguvu kama nilivyolisema zamani. Masizi ya gesi nayasema kwa nguvu: asiyependa kusafisha asiiguse. Tena nyingi huwezi kupitisha brashi kutoka nyuma, unaingilia mdomoni mwa mtutu, kwa uangalifu usiukwaruze. Na kama unahamia jimbo jingine uliza sheria kwanza. Pennsylvania kwa miaka mingi imekataza kuwinda kulungu kwa bunduki za kujikoki.

Mpwa wangu alisikiliza yote haya na simu mkononi. "Kwa hiyo anko, ninunue au nisinunue?"

Nilimwambia asinunue. Usiku sikulala vizuri, alfajiri nikampigia shemeji, kule bado jioni. Bunduki yangu ipo kabatini kwake, sikuweza kurudi nayo huku, na anasema anaipaka mafuta kila mwaka. Kijana ataitumia hiyo, duka lile lisipate hata senti yake. Nikamwomba amsimamishe sebuleni, bunduki tupu, avute mpini na kuuachia mara hamsini, na ipige kelele.