Uzoefu wangu: kununua vitambaa Usita wa Mui, Lamu, na mama mwenye goti bovu

Mimi ni mkazi wa Malindi, nimezoea kwenda madukani shingo ikigeuka nyuma kila hatua. Tuktuk huku, bodaboda kule, na pale ambapo mwenda kwa miguu angepita pameegeshwa gari au pamepangwa viatu vya mitumba. Ndiyo maana nilipompeleka mama Lamu kununua vitambaa vya harusi ya mdogo wangu, goti lake lilinitia wasiwasi. Tulishuka basi Mokowe, tukavuka kwa boti, tukaingia Usita wa Mui, ile Barabara Kuu inayopita mbele ya ngome.

Saa nne asubuhi jua lilikuwa linachoma gatini, lakini huku ndani kivuli tele. Nyumba za mawe zimesogeleana, na tulipofika chini ya wikio, kile chumba kinachojengwa juu ya njia kuunganisha nyumba mbili, mama alisimama makusudi apate upepo.

Kilichoniteka hasa ni mabaraza, yale makalio ya mawe yaliyojengwa mbele ya nyumba na maduka. Mji huu umo katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2001 na wageni husifu milango ya nakshi. Mimi natanguliza mabaraza. Mama alikaa mara nne, na hakuna aliyemuuliza ananunua nini. Mwenye duka mmoja, mzee wa makamo, alimtolea mto: "Keti mama, pumua kwanza. Duka halina miguu." Vitambaa vyote tulivinunua kwake.

Punda hawakunisumbua. Mwenye punda au hamali wa mkokoteni anapaza sauti, "Simile! Simile!", unajibana ukutani, anapita. Kinyesi chao kipo, vaa viatu vya kufunika vidole. Pikipiki ndizo zilizoniudhi. Haziruhusiwi ndani ya mji wa kale, lakini moja ilitupita kwa kasi hadi buibui la mama likapepea. Katika njia nyembamba namna ile hakuna pa kukimbilia, na mtoto akichomoka mlangoni hana salama.

Mitaro nayo inataka kuangaliwa. Karibu na soko kifuniko kimoja cha zege kilikuwa kimevunjika nusu, maji machafu yanaonekana chini. Fimbo ya mama ilizama humo, na nisingemdaka mkono angeanguka kifudifudi. Kifuniko kimoja tu, kazi ya fundi ya asubuhi moja! Kwa mzee, shimo lile ni sawa na kumfungia mtaa mzima.

Natoa nyota nne kati ya tano. Nendeni mapema, na Ijumaa mkumbuke maduka mengi hufungwa wakati wa swala ya mchana.

Tunarudi mwezi ujao kuchukua nguo kwa mshonaji. Mama amekwisha kunituma nimpigie simu, atuangalizie kama lile shimo limezibwa.