Kifurushi cha sola cha kilowati 5: vifaa ni vizuri, kagua ufungaji na mkataba

Vifurushi vya sola vya nyumbani vya kilowati 5 siku hizi vinafanana sana: paneli 12 za wati 450, inverta ya haibridi ya kilowati 5 (kifaa kinachogeuza umeme wa paneli kuwa wa nyumbani na kuendesha paneli, betri na gridi pamoja), betri moja ya lithiamu ya volti 51.2 na ampea-saa 100, reli za kwenye paa, na gharama ya fundi. Vifaa vyenyewe tunavipa alama za juu. Kinachoangusha kifurushi ni namna kinavyofungwa, na namna unafuu wa fedha unavyoandikwa kwenye mkataba.

Paneli hazina lawama nyingi. Kwa mwaka hupoteza karibu nusu asilimia ya nguvu, na waranti ya uzalishaji hufika miaka 25 au 30. Ila usizitarajie zitoe wati 450 juani. Kila nyuzi moja ya selsiasi juu ya 25 kwenye paneli yenyewe hupunguza nguvu kwa asilimia 0.3 hadi 0.35, na jua la mchana huifikisha paneli nyuzi 60 kwa urahisi. Ndiyo sababu tunadai nafasi ya sentimita 10 hadi 15 kati ya paneli na paa, hewa ipite. Mahali ambapo jua la siku nzima ni sawa na jua kali la muda wa saa tano, tegemea uniti (kilowati-saa) 20 hivi, si 27 zinazopatikana kwa kuzidisha tu kilowati 5.4 za paneli kwa saa hizo tano.

Kosa la gharama kubwa kuliko yote liko kwenye kuziunga. Paneli ya aina hii huwa na volti kama 41 ikiwa haina mzigo. Fundi mwenye haraka huunga zote 12 kwa mfululizo, anapata volti 492, na kwa kuwa inverta nyingi za ukubwa huu zina kikomo cha volti 500, anaridhika. Lakini volti za paneli hupanda kukiwa na baridi. Asubuhi ya nyuzi 10, zile 492 zimekuwa 510, na inverta inaweza kuungua jua linapochomoza. Waranti nayo inapotea, maana inverta huhifadhi rekodi ya volti zilizozidi. Dai makundi mawili ya paneli 6, kila kundi kwenye ingizo lake la MPPT, yaani sehemu ya inverta inayotafuta nguvu ya juu kabisa ya paneli. Hapo unabaki na volti 246 hivi kwa kila upande, na kivuli cha mti kikiangukia kundi moja hakiliathiri la pili.

Viunganishi vya nyaya za paneli viitwavyo MC4, dume na jike, viwe vya mtengenezaji mmoja. Vya watengenezaji tofauti huingiana vizuri machoni, lakini ndani mguso ni hafifu. Joto hupanda, plastiki huyeyuka, na moto wa paa huanzia hapo. Swichi ya kukata umeme wa paneli nayo iwe ya mkondo mnyoofu (DC). Ile ya kawaida ya nyumbani hutegemea mkondo geu (AC) ushuke hadi sifuri ili cheche izimike. Kwenye mkondo mnyoofu cheche haizimiki, na swichi inaungua.

Betri moja ya kifurushi hiki ina uniti 5 tu. Taa, friji na televisheni itazibeba usiku. Hita ya maji na jiko la umeme vikiwashwa pamoja vitaimaliza kwa saa moja hivi. Kwa mzigo kamili inavuta karibu ampea 100, hivyo nyaya zake ziwe nene, milimita za mraba 35, fupi, na zenye fyuzi karibu na betri. Hakikisha waya wa mawasiliano kati ya betri na inverta umeunganishwa na itifaki sahihi, yaani lugha ya vifaa hivyo, imechaguliwa. Bila huo, inverta hukisia chaji kwa volti, na volti za lithiamu hii hazibadiliki sana kati ya chaji nyingi na chache. Matokeo ni nyumba kuzimika ghafla huku skrini ikionyesha asilimia 40.

Kwenye fedha, swali la kwanza ni umeme wa ziada unalipwaje. Kama uniti unayopeleka gridini inafuta uniti unayochukua, paneli nyingi zina faida. Kama inanunuliwa kwa bei ya chini, mfumo ambao California iliwawekea wateja wapya kuanzia Aprili 2023, fedha yako iende kwenye betri na matumizi ya mchana. Muuzaji asiyeuliza bili zako za miezi 12 hawezi kukupimia ukubwa sahihi.

Unafuu wa kodi una tarehe, na matangazo ya zamani hubaki. Marekani, ule wa asilimia 30 kwa wenye nyumba ulikomeshwa kwa gharama za baada ya 31 Desemba 2025. Ujerumani iliondoa kodi ya ongezeko la thamani kwa sola za nyumbani mwaka 2023; Uingereza imeiweka sifuri hadi 31 Machi 2027. Kwingine lazima upate kibali kabla ya kufunga, ukianza mapema umekosa. Ukikodi mfumo badala ya kuununua, unafuu wa kodi kwa kawaida huenda kwa mwenye mali, yaani kampuni.

Mkopo wa riba ndogo usikupofushe. Omba bei ya taslimu na bei ya mkopo kwa maandishi, kwa kifurushi kilekile. Ada ya mkopeshaji mara nyingi imefichwa ndani ya bei ya pili.

Kabla ya kulipa awamu ya mwisho, pokea mchoro wa nyaya, namba za kila paneli, vipimo vya volti za kila kundi na vya eathi. Fundi azime umeme wa gridi mbele yako na nyumba iendelee kuwaka. Inverta isiyo na sehemu ya kutoa umeme wa dharura huzimika gridi inapokatika hata jua likiwa kali. Akaunti ya kufuatilia uzalishaji isajiliwe kwa jina lako, si la kampuni.